Likizo ya Juni: Serengeti na familia kwa gari lako mwenyewe kutokea Mwanza, kupitia Ndabaka

#1 Ngosha wa Igoma

Wakuu, habari za majukumu.

Kila Juni ikikaribia maswali yanajirudia: "nina gari, nina watoto, nipo Mwanza, Serengeti naendaje?" Na majibu nayo hayabadiliki: nenda Arusha, tafuta kampuni ya utalii, andaa milioni zako. Mtu wa Mwanza aende Arusha kufuata nini? Serengeti ina kilomita za mraba 14,763, na ncha yake ya magharibi inakuja kukaribia kabisa ziwa, pale Ghuba ya Speke. Geti la Ndabaka lipo pembeni ya barabara kuu ya Mwanza–Musoma, kama kilomita 140 kutoka mjini, lami mwanzo mwisho. Mabasi ya Musoma yanapita mbele yake kila siku na abiria wamelala.

Mimi naenda na familia kipindi cha likizo, gari langu, chakula changu. Naandika ninavyoijua njia, mwenye la kuongeza aongeze.

Tunatoka Igoma saa 11 alfajiri, watoto wanabebwa na usingizi wao. Kisesa, Nyanguge, Magu, njiani mnavuka mto Simiyu, mnaingia Busega, ziwa linajitokeza kushoto, kisha Lamadi. Vijijini mwendo ni 50, na tochi za trafiki haziulizi kama mna mtoto anayelia. Lamadi jazeni mafuta, pimeni upepo wa matairi, nunueni maji. Anayetaka kuingia geti likifunguliwa tu saa 12 asubuhi, alale Lamadi. Gesti zipo za kila mfuko.

Getini hawapokei noti. Unapewa kontroo namba, yaani namba ya kulipia, unalipa kwa simu au kadi, kwa hiyo pesa iwe tayari kwenye simu. Mara ya mwisho Mtanzania mtu mzima nililipa 11,800 pamoja na VAT, watoto bei yao ni ndogo, na walio chini ya miaka 5 wanaingia bure. Gari lina tozo yake kulingana na uzito. Ulizeni TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, kabla ya kutoka maana tozo zinapitiwa mara kwa mara, na bebeni NIDA ili msibishane kuhusu uraia. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchi nzima tangu Juni 2019, acheni nyumbani.

Sasa jambo lililonifanya nifungue uzi. Ukiwa na watoto na una siku moja tu, usikimbilie Seronera, katikati ya hifadhi. Kutoka Ndabaka hadi huko ni zaidi ya kilomita 100 za vumbi, na ndani ya hifadhi mwisho ni 50 kwa saa. Mtu anaingia saa 2, anaendesha kama anawahi msiba, anafika mchana jua la utosi, simba wamejilaza vivulini hata sikio halionekani, anakula chipsi, anageuza ili asifungiwe geti saa 12 jioni. Watoto wameona nini? Vumbi na kisogo cha baba.

Kaeni ukanda wa magharibi. Mbuga za Ndabaka, Kirawira, mto Grumeti. Twiga wapo, nyati, pundamilia, nyamera, swala, ngiri. Nyumbu wengine wa huku ni wakazi, hawaendi na msafara mkubwa wa kuhama, kwa hiyo hata msafara ukiwa umepita hamkosi nyumbu.

Grumeti simamisheni gari mahali panaporuhusiwa, mzime injini, mnyamaze. Mwanzoni hamtaona kitu, ni gogo tu limelala kwenye tope. Binti yangu ndiye aliyegundua kwamba gogo lina meno. Mamba anaacha kinywa wazi muda mrefu, hafanyi lolote, anapunguza joto mwilini. Juu kwenye miti ya kando ya mto kuna mbega weusi wenye mikia mirefu meupe, wanaruka tawi hadi tawi na majani yanadondoka hadi kwenye boneti. Kijana akauliza mamba wanakula nini nyumbu wakishaondoka. Nikamwambia mamba anaweza kukaa miezi bila mlo wa maana. Akasema yeye si mamba, michembe yetu ya viazi vikavu iko wapi.

Karibuni.

#2 Mama Kulwa

Asante kwa uzi, baba. Naongeza upande wa jikoni na nguo maana akina baba huwa mnaishia kwenye mafuta na matairi.

Chakula: michembe, karanga za kukaanga, mayai ya kuchemsha, viazi, chapati. Samaki wa kukaanga msibebe, harufu itawakaa garini hadi mrudi. Maji mengi, zaidi ya mnavyodhani. Mkisimama sehemu ya kulia chakula msiache mlango wazi hata kama mpo hapo hapo. Nyani anachukua hotpoti nzima huku anakutazama usoni, na hutamfuata.

Nguo: hii nasema kwa msisitizo. Msivae bluu iliyokolea wala nyeusi. Ndorobo wanazipenda rangi hizo, na ukanda wa magharibi ndorobo hawachezi. Anatoboa jinzi. Wavalisheni watoto kaki, kijivu, rangi ya udongo, mikono mirefu. Asubuhi kuna baridi, saa 5 ni joto, kwa hiyo sweta liwe la kuvua.

Choo: waende getini wote, hata anayesema hana haja. Akibanwa katikati ya mbuga hakuna kushuka kichakani. Sisi wenye wadogo tunabeba poti.

Swali langu: wa miaka mitatu ataweza siku nzima?

#3 Kruza Nyeupe

Nafanya kazi ya kuendesha wageni, nimepita Ndabaka kuliko nilivyopita kwa mama mkwe. Mleta uzi umeandika vizuri ila hujasema aina ya gari, na hapo ndipo watu wanapoumia.

Udongo wa ukanda wa magharibi ni ule mweusi wa mfinyanzi. Ukikauka ni mgumu kama sakafu. Ikinyesha hata nusu saa unageuka gundi, unajaza tairi mpaka kashata hazionekani na gari linaanza kutembea upande. Hapo hata Kruza (Land Cruiser) inaomba Mungu. Juni na Julai kwa kawaida pakavu, lakini mvua ya ziwani haina kalenda, hasa mapema Juni masika yakichelewa kuisha.

Magari ya kawaida kama Noah na IST: njia kuu pakiwa pakavu zinapita, nimeziona. Ila msichepuke kwenye vijia vya pembeni, na rasta za ile barabara zitakulegezea kila nati. Tairi la akiba liwe zima, jeki ifanye kazi, na ujue kuitumia kabla hujafika huko. Gari likikwama watu hawashuki kusukuma. Unabaki ndani, unapiga simu au unasubiri gari jingine au askari.

Na jingine, kutoka nje ya njia kumfuata mnyama ni kosa. Utatozwa faini na mgeni wa gari la nyuma atakupiga picha.

#4 Mzee wa Nyamanoro

Vijana, mimi sikubaliani na mwenye uzi. Kumpeleka mtoto Serengeti usimfikishe Seronera ni kumfikisha mlangoni ukamrudisha. Bonde la mto Seronera ndiko kuna chui juu ya miegea na migunga, ndiko simba wanaonekana karibu kila siku, na bwawa la viboko la Retima halipo mbali. Mtoto akirudi shule ataulizwa "uliona simba?" Ajibu aliona nyamera?

Ushauri wangu: lala ndani usiku mmoja. Seronera kuna kambi za umma, Pimbi, Nyani na Dik Dik, unabeba hema lako. Kuna pia malazi ya TANAPA kwa wasiotaka hema. Usiku fisi watalia karibu na hema na mkeo hatalala, lakini huyo mtoto hatasahau mpaka anazeeka.

#5 Ngosha wa Igoma

Mzee wa Nyamanoro shikamoo. Hapo kwenye kulala ndani sina ubishi. Nimesema "una siku moja tu". Mwenye siku mbili aende Seronera taratibu, asubuhi ya pili atoke na gari saa 12 kamili wakati simba bado wanatembea, arudi na Ndabaka mchana. Ila mzee, mfuko wa kambi ni mwingine, kuna tozo ya kulala na kibali kina saa zake, ukizidisha unalipa tena. Familia nyingi za huku kwetu zinaweza siku moja, na siku moja hiyo isiishie barabarani.

Simba wapo ukanda wa magharibi pia. Ni bahati tu, na asubuhi.

Mama Kulwa, wa miaka mitatu ataweza mkigawa siku. Asubuhi zungukeni, saa 6 mpaka saa 8 acheni alale kivulini, jioni tazameni mkirudi getini. Ukimlazimisha kutazama twiga wa kumi atalia na atakuwa na haki.

#6 Bunda Kwetu

Nyie mnalipa 11,800 kuwaona tembo. Sisi wanatufuata shambani bure.

Nasoma huu uzi nipo kijiji kinachopakana na hifadhi. Mahindi yakikaribia kukomaa watu hawalali ndani, wanalala shambani na matochi, madebe na vuvuzela. Tembo akiingia usiku mmoja, ekari ya mtama inakuwa uwanja wa mpira. Na mkimfukuza vibaya anageuka. Kuna waliokufa, hilo si hadithi.

Sisemi msiende. Nendeni. Ila mkifika Lamadi au Bunda mkala hapo, mkanunua nyanya na mahindi hapo, mjue kuna mtu amelinda hayo mahindi kwa kukesha.

#7 Jiwe Juu ya Jiwe

Bunda Kwetu, si nyie mmelima kwenye mapito yao? Tembo alikuwepo kabla ya shamba lako.

#8 Bunda Kwetu

Hili jibu kila siku linatoka kwa mtu anayeishi ghorofani kwenye mlima ambao zamani ulikuwa wa pimbi.

Babu yangu alilima pale kabla hifadhi haijatangazwa mwaka 1951. Mipaka imechorwa, sawa, sisi tunaiheshimu, hatuingizi ng'ombe. Tembo haijui. Na idadi ya watu imeongezeka, na ya tembo pia imeongezeka baada ya ujangili kupungua, kwa hiyo tunakutana. Serikali ina kifuta jasho kwa mazao na kifuta machozi kwa aliyeumia au aliyefiwa, ila muulize yeyote aliyewahi kufuatilia: fomu, tathmini, kusubiri, na kinachokuja hakifanani na gunia ulizopoteza.

Wengine wanajaribu kamba zenye oili chafu na pilipili kuzunguka shamba, wengine mizinga ya nyuki maana tembo anamwogopa nyuki. Inasaidia kwa kiasi. Pilipili mvua ikinyesha inaosha, unaanza upya.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba watoto wa kijijini kwetu wengi hawajawahi kuingia hifadhini. Wanamjua tembo wa usiku tu, wa kukimbiwa. Mwaka fulani shule yetu ilipata gari la kuwapeleka, mtoto mmoja alipomuona tembo anakunywa maji mchana, ametulia, na ndama wake chini ya tumbo, alikataa kuamini kuwa ni yule yule.

#9 Kruza Nyeupe

Bunda Kwetu umesema. Mimi wageni wangu nawasimulia hayo tukipita, maana wakiona vile vibanda vya walinda mashamba juu ya miti wanadhani ni vya watalii.

#10 Jiwe Juu ya Jiwe

Nimeelewa mkuu, samahani kwa lugha yangu. Na mlima wa pimbi nimeukubali, bado wapo, wanakunya kwenye tangi langu la maji.

#11 Ticha wa Jiografia

Naona watu wanauliza PM kuhusu nyumbu, nijibu hapa hapa.

Msafara mkubwa hauna ratiba ya basi. Nyumbu zaidi ya milioni moja, pamoja na pundamilia na swala kwa mamia ya maelfu, wanafuata mvua na majani. Kuanzia Januari hadi Machi wapo kusini, upande wa Ndutu, nyanda za majani mafupi. Udongo wa kule una majivu ya volkano, majani yake yana madini anayohitaji mama anayenyonyesha, ndiyo maana wanazalia huko, wengi ndani ya wiki chache za Februari. Masika yakiisha kule panakauka, maji hakuna, wanasogea magharibi na kaskazini. Ndiyo maana kati ya Mei mwishoni na Julai mwanzoni kundi kubwa huweza kupita ukanda wetu na kuvuka Grumeti. Baadaye wapo kaskazini, mto Mara, mpaka mvua za vuli ziwarudishe kusini.

Nimesema "huweza". Mvua ikichelewa wanachelewa, ikiwahi wanawahi, na mwaka mwingine wengi wanapita katikati bila kugusa magharibi. Msiwaahidi watoto "tutaona nyumbu wanavuka". Waahidini mto, na mamba. Hao hawahami.

Kitu kingine kwa wazazi: tafuteni kitabu cha picha cha ndege au wanyama, mpeni mtoto kalamu aweke alama kwa kila anachokiona. Anayehesabu hachoki haraka. Na asiyejua kusoma mpeni darubini, hata ya kuazima. Mtoto mwenye darubini anaona fisi kabla yako.

#12 Kapripointi

Na sisi tusio na gari wala mfuko wa Ndabaka? Saanane wakuu, msiidharau. Ipo hapa hapa mjini, boti kutoka Capripoint ni dakika chache tu. Ni hifadhi ya taifa kamili tangu 2013, ndogo kuliko zote nchini, kilomita za mraba 2.18 pamoja na maji yake. Ilianza kama bustani ya wanyama mwaka 1964, na jina ni la mzee Saanane Chawandi aliyekuwa akiishi na kulima kisiwani. Swala pala wanatembea karibu nanyi, pimbi juu ya mawe, mijusi yenye vichwa vyekundu, mamba majini. Mnapanda jiwe la juu mnaona jiji lote. Nusu siku inatosha, na mtoto wa miaka mitatu atatembea kwa miguu yake badala ya kufungwa mkanda.

Wenye nafasi zaidi, Rubondo, hifadhi nyingine ya kisiwani. Siku hizi daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa, tangu Juni 2025, hakuna tena kupanga foleni ya kivuko. Unapita Sengerema, Geita, halafu boti kutoka Nkome au Kasenda. Huko kuna nzohe (swala wa kinamasi), tembo, na sokwe walioletwa miaka ya 1960 kutoka bustani za wanyama za Ulaya, wakaachiwa msituni wakazaliana. Ila ni safari ya kulala, na boti ipangwe mapema.

#13 Mama Kulwa

Saanane tumeshaenda, watoto waliwafukuza pimbi hadi nikachoka mimi. Tumeamua Ndabaka. Baba watoto ana Noah.

Mkuu Kruza, tukigawana gari lenye paa la kufunguka na familia nyingine si nafuu kuliko kuhangaisha Noah?

#14 Kruza Nyeupe

Ni nafuu, dada, na watoto wataona vizuri zaidi wakisimama kwenye viti paa likiwa wazi. Familia mbili zenye watoto wadogo zinaenea kwenye Kruza moja ndefu. Kodisheni hapa Mwanza au Lamadi, gari pamoja na dereva, na muandikiane kabla ya kutoka: mafuta ni ya nani, tozo ya gari ni ya nani, tairi likipasuka ni la nani, mnarudi saa ngapi. Kuna kampuni moja ilichukua pesa za jamaa yangu, asubuhi ikaleta gari jingine bovu kabisa. Lioneni gari jana yake, muwashe, mlizunguke. Na mkanda ufungwe mpaka mvuke geti, habari ya kusimama ni ndani na gari likiwa limesimama au linatambaa.

#15 Ng'wana Magu

Mwangaluka! Mmepita Kisesa mmeiacha Bujora? Makumbusho ya Wasukuma ipo pale pale, mchepuko mdogo tu kutoka barabara kuu. Kuna ngoma za kila aina, kuna nyumba za asili, na watoto wanaruhusiwa kuuliza. Wakati wa kwenda mtakuwa mnawahi, lakini wakati wa kurudi kama mmelala Lamadi, piteni.

Na jingine: watoto wakiona ziwa Lamadi wataomba kuoga. Msiwaruhusu, kichocho kipo kwenye maji ya kando kando yenye majani na konokono. Waacheni wale sato, inatosha.

#16 Dogo wa Nyegezi

Kwa hiyo wakuu, mwisho wa Juni au wiki ya kwanza ya Julai? Mzee wangu anataka jibu moja.

#17 Ngosha wa Igoma

Mwisho wa Juni, katikati ya wiki. Wikiendi kuna magari ya shule na foleni ya kontroo namba pale dirishani. Siku mbili kabla mpigie mtu aliyetoka huko akwambie kama imenyesha. Ikiwa imenyesha, sogeza mbele siku chache, Grumeti haiendi popote. Mwambie mzee aulize kwanza tozo za sasa, halafu ndiyo ahesabu vichwa.

#18 Dogo wa Nyegezi

Vichwa tupo tisa na Noah moja.

#19 Kruza Nyeupe

Njoo PM.